Mbuzi wa Akika ya Jannat

Kwa watu wa Unguja na Mombasa waliotawanyika Texas, kuanzia Garland mpaka Fort Worth na kuteremka Houston, ukitaja Mzee Abdulhafidh hakuna anayekuuliza Abdulhafidh yupi. Ni mchinjaji. Wapo waliomzidi elimu ya dini, na wapo wenye majumba ya fahari huko Pearland, lakini mtoto akizaliwa, au mtu akitaka kumtolea sadaka marehemu wake, simu inayolia ni ya mzee huyo. Ana mkono mwepesi, walikuwa wakisema. Mnyama hana habari mpaka yamekwisha. Na ujira alikuwa hachukui. Akipewa kichwa na miguu akachemshie supu, anashukuru. Asipopewa, anafuta kisu chake, anakwenda zake.

Mwanawe Abdulsalam hakuwa na sifa yoyote ya namna hiyo. Alikuwa akiendesha foklifti katika bohari moja ya Garland, akipanga masanduku ya vigae, akirudi nyumbani viatu vimejaa vumbi jeupe. Umri wake ulikuwa umeshapita ule ambao mtu anaweza kusema bado anajitafuta. Aliwahi kuoa, wakaachana kwa wema, mke akahamia Ohio, na yeye akabaki na baba yake katika nyumba ya kupanga yenye bomba la jikoni linalovuja, ambalo kila wiki walisema watalitengeneza. Watu walimwita Salam, au mara nyingi zaidi mtoto wa mchinjaji. Hakulipenda jina hilo wala hakulichukia. Lilimkaa kama shati la kuazima.

Mambo yalianza kwa simu ya Mwanabaraka.

Mwanabaraka alikuwa nesi katika hospitali moja kubwa ya Houston, akikaa Missouri City na mumewe. Baba yake na Mzee Abdulhafidh walikua mtaa mmoja, wakaja Marekani mmoja akimvuta mwenziwe, na yule alipofariki ni Mzee Abdulhafidh aliyeingia kaburini kumpokea. Kwa hiyo kwa Abdulsalam huyu alikuwa dada, ingawa damu haikuchanganyika. Mimba zake zilikuwa zikitoka, moja baada ya nyingine, mpaka watu wakaacha kumuuliza. Kisha akazaliwa Jannat, mzima, analia kwa sauti ya kuudhi majirani.

"Ami," Mwanabaraka alisema, na mzee alikuwa ameiweka simu juu ya meza kwa sauti kubwa kama kawaida yake, "miye niliweka nadhiri. Nilisema huyu akitoka salama, akika yake utachinja wewe. Si mwengine. Baba angekuwa hai angekuomba yeye. Sasa hayupo, nakuomba mwenyewe."

Mzee alifuta macho kwa pindo la kikoi. "Nitachinja, mwanangu. Kwa mkono wangu."

Abdulsalam alikuwa jikoni anakanda mgongo wake kwa ukingo wa friji. Alisikia, akafurahi kama mtu mwingine yeyote. Akika si jambo la kutisha; ni mbuzi anayechinjwa kwa jina la mtoto mchanga, watu wakaja wakala wakamwombea. Kwa mtoto wa kike mbuzi mmoja, basi. Alichojiuliza ni kitu kidogo tu. Zamani baba yake asingekwenda kuchinja bila yeye kumpeleka, kwa sababu mzee hakupenda kuendesha barabara kuu. Siku hizi alikuwa akisema, "Nimepata mtu wa kunichukua," na mtu huyo hakuonekana.

Na ule mkono. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umeanza kucheza wenyewe. Daktari alisema jina refu la maradhi na kutoa vidonge. Mzee alisema ni baridi ya eyakondishani. Kikombe cha chai akikijaza nusu tu, na mtu akimtazama hukiweka chini na kuanza hadithi.

Baada ya hapo Sheldon alipiga simu. Huyu Sheldon ni mzungu mzee mwenye shamba la mbuzi na kondoo nje ya Ennis, kusini ya Dallas, ambako Mzee Abdulhafidh alikuwa akichinjia miaka yote. Alimpigia Abdulsalam akiwa kwenye mapumziko ya bohari, amekaa juu ya fremu ya mbao ya kupangia masanduku na chakula chake.

"Simu ya baba yako mbovu?" Sheldon aliuliza.

"Nzima."

"Basi hataki kuongea na miye. Mwambie simlaumu kwa yule kondoo. Mwambie mkono ni mkono tu, hata wangu siku hizi haufungui kopo."

"Kondoo gani?"

Sheldon akawa kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Kisha akaeleza. Kabla ya sikukuu ya kuchinja iliyopita, kisu kilimtoka mzee katikati ya kazi. Kondoo aliamka, akakimbia zizi zima shingo iko wazi, akijipigapiga kwenye mabati, mpaka Sheldon akaja na bunduki akammaliza. Mzee alikaa chini kwenye samadi akalia. Hajarudi tena.

Abdulsalam hakumaliza chakula chake. Tangu siku ile ya kondoo, baba yake alikuwa amepeleka nyama harusini, kwenye sadaka, kwenye akika za watoto ambao sasa wanatambaa. Kila mara watu walisema: kachinja Mzee Abdulhafidh. Hizo nyama zilitoka wapi?

Mtu mwingine angeuliza jioni ile ile. Yeye hakuuliza. Alikuwa na tabia hiyo, ya kulishika neno likakaa ndani kama kokwa la tende lililomezwa. Haliumizi sana, lakini lipo. Alijaribu kuzunguka.

"Baba, mbuzi wa Mwanabaraka tunamtoa wapi?"

"Nimeshapanga."

"Kwa Sheldon?"

"Mbuzi wa Sheldon siku hizi wamekonda," mzee alisema, akageuza uso kwenye televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa.

Jumamosi ya akika walitakiwa wafike Missouri City baada ya adhuhuri. Asubuhi Abdulsalam aliingia gerejini kuongeza barafu kwenye sanduku la nyama. Mzee alikuwa bado anavaa. Nyama ilikuwa ndani ya mifuko ya nailoni, na mmoja ulikuwa umefunguka. Aliinama kuufunga, akaona mfupa wa paja umekatwa katikati, laini, umenyooka, kama ubao uliopita kwenye mashine. Akafungua mfuko mwingine. Mbavu, shingo, mguu: zote zimepita msumeno wa umeme.

Mtu asiye wa mila hii angeona nyama tu. Lakini mbuzi wa akika havunjwi mfupa. Hukatwa kwenye viungo, taratibu, kwa kisu, kwa kutumaini mtoto naye akue na viungo vyake vizima. Na watu wakishakula, mifupa hukusanywa yote, ikafungwa kitambaa cheupe, ikazikwa. Abdulsalam aliyajua hayo tangu utotoni, kutoka kwa huyu huyu baba yake, aliyekuwa akiwagombeza vijana wenye mashoka. Hakuna mchinjaji wa Unguja ambaye angeukata mguu wa akika kwa msumeno. Hii ilikuwa nyama ya kiwandani, ya mnyama aliyekufa bila jina la mtoto yeyote.

Mzee alitokea mlangoni amevaa kanzu na kofia, ananukia udi.

"Baba, hii nini?"

Mzee alitazama sanduku. Hakushtuka. Alionekana kuchoka, kisha akakasirika kwa sababu ya kuchoka. "Niliwaambia wasiikate. Niliwaambia waniachie nzima, nitaikata mwenyewe. Watu wa kiwandani hawasikii."

"Umenunua kiwandani?"

"Washa gari. Tutachelewa."

Na Abdulsalam akawasha gari. Hapo ndipo alipojichukia kwanza siku ile, kabla hata hawajatoka Garland. Alifunga sanduku, akalipakia nyuma ya pikapu yake ya milango minne, akamfungulia baba yake mlango, akamfunga mkanda kwa kuwa kile kifungo kilikuwa kinamshinda. Walipita katikati ya Dallas, majengo ya vioo yanawaka jua, wala hawakusemezana mpaka mji ulipowaachia na barabara ya arobaini na tano ikawa mashamba na mabango ya mawakili.

"Mwanabaraka atakaa kula akijua mtoto wake amechinjiwa," Abdulsalam alisema.

"Nyama ya watu wa Kitabu imehalalishwa. Hukusoma?"

"Nimesoma. Basi mwambie hivyo. Mwambie, mwanangu, hii ni nyama ya watu wa Kitabu, karibuni chakula. Usimwambie umemchinjia."

"Ati ananifundisha halali! Mtu aliyekula pizza ya soseji shule nzima."

"Nilikuwa mtoto, baba. Na mlikuwa hamjaniambia ina nini."

"Ungenusa."

Abdulsalam alikaribia kucheka, na hilo lilimuudhi zaidi. Ndivyo mzee alivyokuwa. Unamwendea na hasira yako nzima, anaichovya kwenye mzaha, unabaki umeshika kipande.

"Sheldon alinipigia," alisema. "Kanieleza ya kondoo."

Mzee aliuweka mkono wake wa kulia chini ya paja, akaukalia.

"Hakulaumu. Baba, hakuna anayekulaumu kwa kuumwa. Shamba lake liko hapo mbele tu, tunachepuka Ennis. Tuchukue mbuzi, nichinje mimi, wewe usimame usome. Tutachelewa kidogo, basi."

"Wewe? Wewe ulizirai ulipoona kuku."

"Sikuzirai. Nilitapika."

"Afadhali kuzirai. Mtu anazirai kwa heshima."

"Baba, nakuomba."

"Mwanabaraka hakuweka nadhiri ya mkono wako," mzee alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Ameweka ya wangu. Nikifika pale nikasema kachinja Salam, wataniuliza kwa nini. Nitasema nini? Mkono umekufa? Nikishasema hivyo, miye ni nani Texas hii? Mzee mmoja wa Garland anayengoja kuendeshwa na mwanawe. Hilo ndilo unalotaka?"

Kibao cha Ennis kilikuja, kikubwa, cha kijani. Usukani ulikuwa mikononi mwa Abdulsalam, na gari lilikuwa lake. Alikipita. Alipotazama kwenye kioo aliona njia ya kutokea inabaki nyuma, akaupiga usukani kwa kiganja, mara moja. Mzee akasema, "Usivunje gari," akafumba macho.

Walisimama kwenye eneo la kupumzikia wasafiri karibu na Huntsville kuswali. Walitandika mkeka kwenye nyasi nyuma ya vyoo, malori yakinguruma barabarani na mtoto mmoja wa kizungu akiwatazama akiwa na soda yake. Mzee aliongoza, amekaa kwenye kiti cha kukunja. Abdulsalam alisimama nyuma ya baba yake kama alivyosimama maisha yake yote, akajaribu kuiweka akili yake kwenye sala, ikakataa; ilikuwa kwenye sanduku la barafu. Walipomaliza, mzee akainua mikono na kuomba kwa sauti, kwa Kiswahili, ili asikike.

"Ewe Mola, mhifadhi mwanangu Abdulsalam. Mpe riziki, mpe mke mwema. Na usimpe ulimi wa kumfedhehesha baba yake uzeeni."

"Amin," Abdulsalam alisema. Mdomo wake ulijibu peke yake, kwa mazoea, kabla hajasikia anachokiitikia. Mzee akageuka akamtazama, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyetiliwa saini.

Nyumba ya Mwanabaraka ilikuwa imejaa. Viatu vilianzia mlangoni vikafika kwenye majani. Mumewe alikuwa uani anahangaika na mkaa, wanawake wameshakaanga vitunguu, na harufu ya bizari ilikuwa imefika barabarani. Mwanabaraka alitoka na Jannat begani, akaubusu mkono wa mzee.

"Ami, karibu. Kaka Salam, mbona umenuna? Trafiki?"

"Trafiki," alijibu.

Mzee aliketishwa kwenye kochi kubwa, akapewa mtoto mapajani, na mto chini ya kiwiko. Watu wakamzunguka. Alipendeza, hakika. Alikuwa anamwimbia Jannat kwa sauti ya chini, na mkono wake ulipotetemeka mtoto alidhani anabembelezwa, akanyamaza. Abdulsalam alisimama karibu na mlango, akafikiri: labda nikae kimya. Nani ataumia? Mtoto ni mzima, watu wana furaha, mzee naye amebakiwa na miaka michache ya kuitwa alivyozoea kuitwa. Alikaribia kabisa kukubali. Alisogea hata kutafuta pa kukaa.

Ndipo Mwanabaraka alipopiga magoti mbele ya kochi. "Ami, ulimtaja kwa jina? Wakati wa kuchinja. Ulisema Jannat?"

Mzee alisita. Chumba kilikuwa na kelele na wengi hawakuona, lakini Abdulsalam aliona, na kwa kitambo kile alimwombea baba yake kwa moyo wote kuliko alivyoomba kule kwenye nyasi. Sema tu, baba. Sema kweli.

"Nilimtaja," mzee alisema. "Nilisema, hii ni akika ya Jannat."

Mwanabaraka akaubusu tena ule mkono, na akalia.

Abdulsalam alitoka nje. Alizunguka pikapu, akarudi, akamngoja Mwanabaraka alipokuja kuwaita vijana wapakue nyama. "Dada, njoo mara moja," alisema, na akamfungulia sanduku. Hakutafuta maneno mazuri. Alimwonyesha paja lililokatwa, akamwambia ya kiwandani, akamwambia ya kondoo wa Sheldon, akamwambia mkono wa mzee hauwezi tena.

"Rudia," Mwanabaraka alisema.

Alirudia.

Mwanabaraka alikuwa ameshika ukingo wa sanduku, anaitazama mifupa. Abdulsalam alitegemea atamkasirikia mzee, au atalia. Lakini alipoinua uso macho yalikuwa kwake.

"Umejua lini?"

"Asubuhi. Nilipoona."

"Asubuhi mlikuwa Garland. Simu huna?"

Simu ilikuwa mfukoni mwake, imejaa chaji.

"Mmeendesha njia nzima mnajua. Umeingia kwangu, umesimama mlangoni, umemwacha ananiambia vile machoni, watu wote wamekaa. Halafu ndiyo unakuja kuniambia. Ili miye nifanye nini, Kaka Salam? Nimfukuze Ami? Niwapikie nisiseme? Umeutua mzigo wako, umeutua kwangu."

"Nilidhani atasema mwenyewe."

"Na miye niliweka nadhiri ya mkono ambao haupo. Naitimiza vipi?"

"Sijui."

"Hujui," alisema, akamfunikia sanduku lake.

Alimwita mzee chumbani kwa mtoto, akafunga mlango. Waliyozungumza humo hakuna aliyeyasikia. Walipotoka, mzee alikuwa amevua kofia, ameishika. Mwanabaraka aliwaambia watu kwamba leo ni chakula tu, nyama ya dukani, atakayependa ale. Akika ya Jannat itafanywa siku nyingine, inshallah, kuna mambo hayakwenda sawa. Alisema kwa upole sana. Lakini watu si mawe. Walimtazama mzee, wakaitazama kofia, wakamtazama Abdulsalam amesimama karibu na sanduku, na kabla wali haujaiva kila mtu alikuwa anajua.

Mjomba wa mume wa Mwanabaraka, mtu mnene mwenye duka la vipuri, alimfuata Abdulsalam uani. "Wewe ndiye uliyemvua nguo baba yako mbele za watu?"

"Nilimwambia Mwanabaraka peke yake."

"Peke yake! Katika nyumba yenye watu hawa wote? Mzee mgonjwa yule. Ungemsitiri."

"Na mtoto?"

"Mtoto angejua nini? Ana meno?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Abdulsalam alirudi kwa Mwanabaraka, jikoni, akamwambia kuna mashamba huko Rosenberg, si mbali, yeye yuko tayari kwenda kuchinja sasa hivi, kwa jina la Jannat, mbele ya mumewe. Mwanabaraka aliendelea kupakua wali. "Hapana. Nitauliza msikitini wanipe mtu. Usikasirike, Kaka. Leo siwezi kukuona wewe na kisu."

Kwa hiyo hata hilo hakupewa.

Walianza safari ya kurudi Garland jua likiwa bado juu. Mzee alikataa kukaa mbele; alikaa kiti cha nyuma, kama abiria wa teksi, na Abdulsalam alimwona kwenye kioo kila alipotazama magari. Alijaribu kusema mara kadhaa. Alisema, baba, sikutaka iwe vile. Alisema, baba, ungeniacha nichepuke Ennis. Mzee alikuwa anatazama ng'ombe. Walipovuka kituo cha mafuta cha Corsicana ndipo aliposema, taratibu, bila ukali wowote.

"Ungengoja nife. Si mbali. Halafu ukasema yote."



Akika ilifanywa wiki iliyofuata na kijana mmoja wa msikiti wa huko, na Mwanabaraka alituma picha ya mtoto aliyenyolewa nywele. Aliituma kwa mzee. Hakumtumia Abdulsalam. Kisha simu zikaanza. Hilo hakulifikiria kabisa, kwamba ukweli ukishatoka hautoki mmoja. Walimpigia yeye, si mzee. Mzee walimwonea haya. Walimpigia bohari, yuko juu ya foklifti, simu inatetemeka mfukoni. Na akika ya mwanangu? Na sadaka ya marehemu shangazi? Wengine walipiga kumtukana tu, na wengine walifanya yote mawili katika simu moja. Yeye alikuwa akijibu kwamba hajui, na kweli alikuwa hajui, na walikuwa hawaamini.

"Sasa weye ulikuwa unataka bakupigie makofi?" Siméon alimuuliza. Huyu alikuwa Mkongo, mwenziwe wa zamu, aliyeisikia habari yote kwa vipande kati ya sanduku na sanduku.

"Nilitaka waache kudanganywa."

"Balishaacha. Basi, unalialia nini?"

"Baba hasemi na mimi."

"Papa wangu ye alikuwa anasema na miye kila siku," Siméon alisema. "Miye nilikuwa natamani anyamaze." Akacheka peke yake, akaondoka na mkokoteni.

Nyumbani waliishi kama wapangaji wawili. Mzee alijipikia uji, akajifulia kanzu, akajifungia vifungo kwa muda mrefu sana mlango ukiwa umefungwa, na Abdulsalam alikaa nje ya mlango huo akisikia, hathubutu kubisha. Akiweka chai mezani, mzee huinywa mwanawe akishatoka. Usiombe kukaa na mtu mwenye adabu aliyekukasirikia. Mgomvi utamjibu, mtukanaji utamtukana. Huyu anakuamkia kila asubuhi kama jirani na kupita.

Jumapili moja mchana simu ya Abdulsalam ililia wakiwa wote wawili mezani, kila mmoja na sahani yake. Alikuwa Bwana Mshamu wa Fort Worth, mtu mpole, mwenye kuomba radhi kabla ya kila neno.

"Samahani, mwanangu Salam. Samahani sana. Nilikuwa nataka kuuliza tu. Yule mbuzi wa sadaka ya mama yangu. Miye sina neno na mzee. Nilitaka kujua tu, maana namwota mama."

Abdulsalam alifungua mdomo kusema lile analosema siku zote. Halikutoka. Alikuwa amelichoka, amechoka kujibu kesi isiyokuwa yake na kuchukiwa kwa majibu asiyokuwa nayo. Akaiweka simu katikati ya meza, akaifungulia sauti kubwa, akaisukuma mpaka ikagusa sahani ya baba yake.

"Mzee yupo, Bwana Mshamu. Muulize mwenyewe."

Mzee alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Missouri City kumtazama sawasawa, na mtazamo ule haukuwa na msamaha hata chembe. Bwana Mshamu alikuwa anapumua kwenye simu, na bomba la jikoni linadondoka. Abdulsalam hakuiondoa simu. Alikuwa ameamua kwamba mzee akinyanyuka, atainyanyua naye amfuate nayo chumbani.

"Mshamu," mzee alisema mwisho.

"Naam, mzee wangu. Samahani."

"Yule sikumchinja miye. Nilimnunua amekwisha kufa. Nikakuletea, nikakwambia nimechinja."

Bwana Mshamu akasema, "Haya." Akasema tena, "Haya, mzee." Akatafuta neno lingine, hakulipata, akauliza, "Mmeshakula huko?"

"Ndiyo tunakula."

"Haya, kuleni."

Simu ikakatika. Mzee aliirudisha upande wa pili wa meza kwa mkono wa kushoto, akachukua kijiko, akala wali wake mpaka ukaisha, tena bila haraka. Abdulsalam alingoja. Alidhani sasa patasemwa jambo, la kulaumu au la kusamehe, lolote. Mzee akanyanyuka, akaosha sahani, akaipangusa.

"Wakipiga wengine," alisema akiwa amempa mgongo, "utaniita."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.